Mashine Isiyojua Kubahatisha

Kitendawili!

Tega!

Ninaye mtumishi hodari. Ukimpa hesabu hakosei, usiku wala mchana. Lakini ukimwambia abahatishe, anapiga hesabu tena. Ni nani?

Mmesema simu. Mmesema mhasibu wa benki. Mmekaribia, ila bado. Basi nipeni mji. Mwanza? Nimeupokea! Nilikwenda Mwanza nikashukia stendi ya Nyegezi, nikapanda daladala hadi mjini, nikafika Mirongo, pale ambapo mto Mirongo unakatiza mji kwenda ziwani. Wenyeji wakanikaribisha, wakanipa ugali na sato wa kukaanga, wakanionyesha mawe makubwa yaliyopandana juu ya milima. Nikala, nikashiba, ndipo wakaninong'oneza jibu: ni kompyuta.

Sasa sogeeni, wajukuu zangu, kwa sababu kitendawili hiki kina hadithi nyuma yake. Ni hadithi ya watu wenye akili ambao kwa miaka mingi wameumiza vichwa kwa jambo linaloonekana dogo: kuifundisha mashine kurusha shilingi. Na kwa kuwa mmenipa Mwanza, nitaianzia Mwanza.

Mwaka 1991 watafiti walianza kazi kubwa katika vijiji vya mkoa huo. Walitoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo ina kituo huko Mwanza, wakishirikiana na shirika la afya la AMREF na chuo cha tiba cha London. Walitaka kujua jambo moja: je, zahanati zikiboreshwa ili zitibu vizuri magonjwa ya zinaa, maambukizi ya virusi vya UKIMWI yatapungua? Wakachukua jamii 12, wakazipanga jozi 6. Jamii ya ufukweni ikapewa mwenzake wa ufukweni, ya visiwani na ya visiwani, ya kando ya barabara kuu na ya kando ya barabara kuu. Katika kila jozi, jamii moja ingepata huduma iliyoboreshwa mara moja, na ya pili ingesubiri.

Nani achague ipi ianze?

Mnacheka, lakini fikirini. Ukimwachia daktari, huenda atachagua kijiji chenye barabara nzuri. Ukimwachia mwenyekiti, atachagua kwao. Hata mtu mwema asiye na hila huvutwa na moyo wake bila kujua. Halafu siku ya majibu, mtu atasimama aseme: kijiji hiki kimefanya vizuri kwa sababu mlikichagua kikiwa tayari kizuri. Utamjibu nini? Dawa ya ugomvi huu ni kuachia bahati nasibu. Bahati haina shangazi wala mjomba katika kijiji chochote.

Ndivyo ilivyofanyika. Mwaka 1995 Heiner Grosskurth na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la Lancet. Katika miaka 2, watu waliopata maambukizi mapya walikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizopata huduma, na asilimia 1.9 katika zile zilizosubiri. Maambukizi yalipungua kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima iliusoma utafiti huo wa Mwanza, na sababu mojawapo ya kuuamini ni kwamba hakuna mtu aliyejichagulia vijiji.

Sasa tujifanye kazi ile imeletwa kwetu leo, na tuna kompyuta. Kwanza tuhesabu. Jozi ya kwanza ina njia 2 za kuchagua. Ya pili nayo 2. Kwa jozi 6 tunazidisha 2 kwa 2 mara sita, tunapata mipangilio 64. Bahati ya haki ni ile inayoupa kila mpangilio katika hiyo 64 nafasi sawa. Ishikeni vizuri namba hiyo, maana tutaitumia kumkamata mwizi.

Kompyuta haina kiganja cha kurushia shilingi. Inachojua ni kujumlisha, kuzidisha, kulinganisha na kukumbuka. Kwa hiyo mafundi walitafuta hesabu ambayo majibu yake yanaonekana yamevurugika. Mmarekani Derrick Lehmer alipendekeza njia mwaka 1949, na hadi leo ndugu wengi wa njia hiyo wanatumika. Nitawapa ndugu mdogo kabisa, mnayeweza kumfanyisha kazi kwa kalamu na karatasi:

Chukua namba kati ya 0 na 15. Izidishe kwa 5. Jumlisha 3. Gawanya kwa 16, kisha ushike baki peke yake.

Tuanze na 7. Mara 5 ni 35, jumlisha 3 ni 38, ukigawanya kwa 16 baki ni 6. Sasa 6: mara 5 ni 30, jumlisha 3 ni 33, baki 1. Kisha 1 inazaa 8. Ukiendelea unapata 6, 1, 8, 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, halafu 7, na umerudi ulikoanzia. Umezipita namba zote 16 bila kuruka hata moja. Ile 7 tuliyoanza nayo inaitwa mbegu.

Zinaonekana kama za kubahatisha, sivyo? Haya, tuzitumie kuchagulia vijiji. Tuseme namba ikiwa shufwa, jamii ya kwanza katika jozi inaanza. Ikiwa witiri, inaanza ya pili. Angalieni: 6 shufwa, 1 witiri, 8 shufwa, 11 witiri, 10 shufwa, 5 witiri. Shufwa, witiri, shufwa, witiri, mpaka mwisho! Anzeni na mbegu yoyote mtakayo, zitapishana hivyo hivyo. Katika mipangilio 64, mashine yetu inaweza kutoa miwili tu.

Huyo ndiye mwizi wa kwanza. Ukizidisha namba kwa 5 hubadilishi kama ni shufwa au witiri. Ukijumlisha 3 unageuza. Na kugawanya kwa 16 hakugusi hilo. Kwa hiyo ni lazima zipishane. Katika ukoo huu wa hesabu, sehemu ya chini ya namba huwa dhaifu kuliko ya juu. Tukitumia sehemu ya juu, yaani tukiuliza kama namba imefika 8 au haijafika, tunapata: haijafika, haijafika, imefika, imefika, imefika, haijafika. Afadhali kidogo.

Lakini mwizi wa pili bado yumo ndani ya nyumba. Mbegu zetu ziko 16 tu. Kila mbegu inazaa mpangilio mmoja. Kwa hiyo hata ufanye ufundi gani, huwezi kupata zaidi ya mipangilio 16 kati ya 64. Mipangilio isiyopungua 48 haitatokea milele, na hakuna atakayejua. Ndiyo maana mbegu za siku hizi ni kubwa. Mbegu ya biti 64, yaani tarakimu 64 ambazo kila moja ni 0 au 1, ina uwezekano wa namba 18,446,744,073,709,551,616. Someni hiyo kwa sauti, kisha mnywe maji.

Msidhani makosa haya ni ya watoto. Katika miaka ya 1960 kampuni ya IBM ilisambaza programu ya kuzalisha namba nasibu iliyoitwa RANDU, nayo ikatumiwa na wanasayansi wengi. Ukizichukua namba zake tatu tatu na kuziweka kama vitone ndani ya sanduku, vitone vyote vinalala juu ya tabaka 15, na kati ya tabaka na tabaka hakuna kitu. Mwaka 1968 mwanahisabati George Marsaglia alionyesha kwamba ukoo wote wa hesabu za namna hii una ugonjwa wa matabaka. RANDU ilikuwa imeugua kuliko nyingine nyingi.

Sasa tumefika penye kiini cha hadithi yangu. Kuwa na hesabu nzuri hakutoshi. Kuna swali lingine: mbegu anaishika nani?

Katika lugha nyingi za programu, mbegu imefichwa. Unaandika amri moja, "nipe namba", unapata 6. Unaiandika tena vile vile, unapata 1. Mahali fulani usipopaona, mbegu imebadilishwa kimyakimya. Ni rahisi, na kwa mchezo wa simu hakuna anayelalamika.

Lakini kuna ukoo wa lugha zinazokataa mambo ya kimyakimya. Zinaitwa lugha za kifanksheni safi, na mojawapo inayojulikana sana ni Haskell, iliyotangazwa mwaka 1990. Humo kila kitu kinajengwa kwa fanksheni, na fanksheni ni kama lile jedwali la kuzidisha lililochapwa nyuma ya daftari: ukitafuta 7 mara 8 unapata 56, leo, kesho, uwe na furaha au umenuna. Kitu kile kile kikiingia, kitatoka kile kile.

Mmeshaona mtego? Katika lugha kama hiyo, "nipe namba" ikitoa 6 mara ya kwanza, itatoa 6 daima. Bahati gani hiyo?

Waliotengeneza maktaba za lugha hizi, yaani makusanyo ya programu zilizo tayari kutumiwa na wengine, walijibu hivi: acheni kuificha mbegu. Iwekeni mezani. Fanksheni ya kuchota namba iandikwe hivi:

chota(mbegu) = (namba, mbegu mpya)

Unatoa mbegu, unarudishiwa vitu viwili: namba uliyoitaka, na mbegu ya kutumia safari ijayo. Katika mashine yetu ndogo, chota(7) inatoa namba 6 na mbegu mpya 6. Chota(7) itatoa hivyo hivyo hata mwakani, jedwali halijavunjwa. Ukitaka namba nyingine, unachota kwa ile mbegu mpya. Maktaba ya namba nasibu iliyokuja na toleo la Haskell 98 ilijengwa kwa wazo hili. Na mbegu ya kwanza kabisa? Hiyo hutoka nje, kwa mfano kwenye saa ya mashine au kwenye mfumo endeshi. Inapokelewa mlangoni mwa programu, mahali palipowekwa alama wazi kwamba hapa tunagusana na dunia, halafu ndani yote ni hesabu safi.

Nasikia mtu ananung'unika: "Bibi, kazi yote hiyo ya kubeba mbegu mkononi ni ya nini?"

Ni ya hivi. Mwaka 2000 Koen Claessen na John Hughes walitoa chombo kinachoitwa QuickCheck. Kazi yake ni kuzipima programu kwa kuzirushia mambo ya nasibu. Unakiambia kanuni, kwa mfano: orodha ikipinduliwa mara mbili, irudi kama ilivyokuwa. QuickCheck inatunga orodha 100 za kubahatisha na kuijaribu kanuni kwa kila moja. Ikipatikana orodha inayoivunja, unaonyeshwa. Basi fikiria programu yako imeanguka kwenye jaribio la 83, halafu huwezi kulirudia jaribio lile! Utarekebishaje usichokiona? Lakini ukiwa na mbegu, unaanza upya, na kosa linatokea tena pale pale, mara kumi ukitaka, mpaka umelishika. Bahati inayoweza kurudiwa ni mali.

Ila mbegu iliyo mkononi ina mwiko wake. Usiitumie mara mbili.

Tunga mchezo wa samaki katika ghuba ya Mwanza. Ghuba ni mraba: mstari wa juu una nafasi 0 hadi 15, na kina nacho 0 hadi 15. Kila sato anahitaji namba mbili, moja ya kwenda kulia na moja ya kwenda chini. Tuseme umesahau, ukaanza orodha zote mbili kwa mbegu 7. Samaki wa kwanza yuko 6 kulia na 6 chini. Wa pili 1 na 1. Wa tatu 8 na 8. Samaki wote wa ziwa wamejipanga mstari mmoja wa mshazari kama askari wa gwaride! Mvuvi atajua pa kutupa wavu. Mkosaji si hesabu. Mkosaji ni wewe uliyepanda mbegu moja mashamba mawili.

Lugha inayoficha mbegu haikupi nafasi kubwa ya kukosea hivi, kwa kuwa inaibadilisha yenyewe. Lugha inayoiweka mezani inakuachia uhuru, pamoja na hatari ya uhuru. Kwa hiyo mbunifu wa maktaba hujaribu kuwasaidia watu: anatengeneza njia za kuunganisha hatua nyingi ili mbegu ipite yenyewe kutoka hatua hadi hatua, bila mwandishi kuishika kila mara. Sheria inabaki, mkono unapumzika.

Bado kuna tatizo moja, na hili ndilo lililowasumbua mabingwa. Tuseme mchezo wetu una sehemu mbili: mmoja wenu anaandika samaki, mwingine anaandika mawimbi. Mbegu inapita kwanza kwenye samaki, kisha inakwenda kwenye mawimbi. Leo mwenye samaki ameongeza sangara mmoja tu. Amechota mara mbili zaidi. Papo hapo mawimbi yote yamebadilika, ingawa mwenye mawimbi hakugusa kitu! Zaidi ya hapo, mawimbi hayawezi kuanza mpaka samaki wamalize, hata kama kompyuta ina uwezo wa kufanya kazi nane kwa pamoja.

Suluhisho ni kuigawa mbegu:

gawa(mbegu) = (mbegu ya kushoto, mbegu ya kulia)

Samaki wachukue ya kushoto, mawimbi ya kulia, na kila mmoja aendelee na shughuli zake bila kumsubiri mwenzake wala kumvuruga. Mbegu ya kushoto nayo ikihitajika inagawanywa tena, na tena.

Vizuri. Lakini inagawanywaje? Jaribu njia ya haraka: wa kushoto abaki na 7, wa kulia apewe mbegu inayofuata, 6. Orodha ya kushoto: 6, 1, 8, 11. Orodha ya kulia: 1, 8, 11, 10. Mmemwona mwizi wa tatu? Ya kulia ni ile ile ya kushoto, imetangulia hatua moja. Wanaodhaniwa wageni ni pacha.

Maktaba ya zamani ya Haskell haikuwa na kosa la wazi namna hii, lakini ugawaji wake haukuwa na uthibitisho. Walioiandika walikuwa wakweli: waliweka maelezo ndani ya programu yenyewe kwamba njia yao ya kugawa haina msingi wa kitakwimu. Watu waliendelea kuitumia miaka mingi. QuickCheck hugawa mbegu kila wakati, kwa hiyo ugawaji ukiwa mbovu, majaribio yanaweza kuacha pembe fulani bila kuzigusa.

Mwaka 2013 Claessen huyo huyo, pamoja na Michał Pałka, wote wa chuo cha Chalmers kule Gothenburg, Sweden, walileta jibu imara. Walisema: tuchukue njia za kusimba siri, zile zinazolinda ujumbe usisomwe na adui. Kila mbegu ijulikane kwa njia iliyopita tangu mbegu ya kwanza: kushoto, kulia, kulia, kushoto. Njia hiyo isimbwe, na kinachotoka ndiyo namba. Wataalamu wa siri wamehangaika miaka mingi kuhakikisha njia mbili zinazofanana karibu kila kitu zinatoa majibu yasiyofanana kabisa. Basi tuazime jasho lao.

Mwaka uliofuata, 2014, Guy Steele, Doug Lea na Christine Flood wakaleta njia nyepesi zaidi, SplitMix. Humo mbegu ina vitu viwili: mahali ulipo, na mruko. Kila ukichota, unajumlisha mruko kwenye mahali ulipo. Peke yake hiyo ni hesabu ya chekechea. Lakini kabla ya kukupa namba, wanaikoroga: biti za juu zinashushwa na kuchanganywa na za chini, jibu linazidishwa kwa namba kubwa iliyochaguliwa kwa uangalifu, kisha wanarudia. Ukigawa mbegu, wa kulia anapewa mahali pake pa kuanzia na mruko wake mwenyewe.

Mruko ni lazima uwe namba witiri. Kwa nini? Chora duara lenye namba 0 hadi 15, kisha ruka nne nne: 0, 4, 8, 12, umerudi 0. Vituo vinne tu! Sasa ruka tano tano: 0, 5, 10, 15, 4, 9, 14, 3, na kadhalika, utavikanyaga vyote 16 kabla ya kurudi. Katika duara lenye ukubwa wa biti 64, mruko witiri unakupitisha kwenye kila kituo bila kubagua.

SplitMix iliingia katika Java 8, na mwezi Juni 2020 maktaba ya namba nasibu ya Haskell, toleo 1.2, iliiacha hesabu yake ya zamani ikaichukua hiyo. Na wazo la kuiweka mbegu mezani halikubaki kwa wapenzi wa Haskell. JAX, maktaba ya Google inayotumika kufunza mifumo ya akili unde, nayo inamtaka mwandishi ashike mbegu yake na kuigawa, kwa sababu kazi inafanyika kwenye mashine nyingi kwa pamoja na lazima iweze kurudiwa.

Kabla sijamaliza, ipo kazi nyingine ya mbunifu wa maktaba ambayo watu huidharau. Mtoto anataka dadu, namba 1 hadi 6. Mashine yetu inatoa 0 hadi 15. Wengi wangegawanya kwa 6, wakachukua baki na kuongeza 1. Hesabuni: baki 0 inapatikana kwa 0, 6 na 12. Baki 1 kwa 1, 7 na 13. Baki 2 na 3 nazo zina nafasi tatu tatu. Lakini baki 4 inapatikana kwa 4 na 10 tu, na baki 5 kwa 5 na 11 tu. Kwa hiyo dadu letu linapenda 1 hadi 4, na linazinyima 5 na 6. Dawa ni kukataa: namba ikiwa 12 au zaidi, itupe, chota nyingine. Zinabaki 12, kila uso wa dadu una nafasi mbili. Maktaba njema hulifanya hili ndani yake mara moja, ili watu elfu wanaoitumia wasikosee mara elfu.

Na maktaba njema huonya pia. Namba za SplitMix ni nzuri kwa michezo, majaribio na utafiti. Hazifai kutungia zile namba za siri za mara moja zinazotumwa kwenye simu za wazazi wenu. Mwizi akiona namba chache tu anaweza kurudi nyuma hadi kwenye mbegu. Kwa siri ipo mitambo mingine, iliyojengwa kwa kazi hiyo.

Rudini sasa kwenye jozi zetu 6. Tumepata hesabu bora, mbegu kubwa, ugawaji safi. Je, haki imekamilika? Bado kuna mwizi wa nne, na huyu hakai ndani ya kompyuta. Ni mtu anayejaribu mbegu 1, akaona kijiji cha mjomba hakikuanza, akajaribu 2, akajaribu 3, akafika 41, akafurahi, akaandika kwenye ripoti: "Kompyuta imechagua kwa mbegu 41." Kila kitu alichoandika ni kweli. Ukirudia kwa mbegu 41 utapata kile kile. Na bado amechagua yeye.

Hakuna maktaba inayoweza kumzuia huyo. Lakini lugha inayoiweka mbegu mezani inatupa mahali pa kumwuliza. Mbegu iliyofichwa haina wa kuhojiwa. Mbegu inayoonekana inaweza kutajwa hadharani kabla majina ya vijiji hayajasomwa. Wazee wanne warushe dadu mbele ya watu, namba ziandikwe, ndiyo mbegu. Kisha kila mwenye kalamu apige hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo shuleni wakija na orodha, kwamba kompyuta imewachagua hawa waende ziara na hawa wabaki, msinung'unike pembeni. Nyosheni mikono kwa adabu muulize: mbegu ilikuwa ngapi, ilipatikana kabla au baada ya majina, na imetumika mahali pengine? Anayejibu yote matatu, mkubalieni hata kama majina yenu hayamo. Anayesema tu kwamba mashine imeamua, mkumbusheni kwamba mashine haijui kuamua wala kubahatisha; inapiga hesabu ya mbegu iliyopewa, na aliyeipa ana jina.